Kilo Sita za Risasi

Mtoto anayekulia Kapsoit huijua mizani kabla hajaijua kalamu. Mji huu mdogo uko kando ya barabara kuu itokayo Kericho kwenda Kisumu, na pande zake zote, isipokuwa pale palipojengwa maduka na makanisa, zimefunikwa na michai. Asubuhi wachumaji huingia shambani na vikapu mgongoni kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Alasiri hujipanga kwenye kituo cha kununulia chai wakimngoja karani. Karani hutundika gunia, huitazama mizani, hutoa uzito wa gunia lenyewe, kisha huandika. Hicho anachokiandika ndicho karo, ndicho sukari, ndicho mchango wa harusi. Kwa hiyo mwana wa Kapsoit hukua akiamini kwamba kilo nyingi ni heri na kilo chache ni balaa, na si rahisi kumshawishi vinginevyo.

Kijana anayezungumziwa hapa alilelewa katika imani hiyo. Mama yake aliuza majani kituoni hapo kwa zaidi ya miaka 30, na sifa yake kubwa miongoni mwa wakulima wenzake haikuwa wingi wa michai yake bali ukali wake mbele ya mizani. Aliijua mizani iliyolegea kwa kuitazama tu. Aliwahi kumrudisha karani mara tatu juu ya gunia moja, foleni nzima ikisubiri na mvua ikianza kunyesha, kwa ajili ya nusu kilo. Walioudhika siku ile ndio waliomwita baadaye kila waliposhuku kwamba wamepunjwa.

Akiwa na umri wa miaka 27, mwanawe alikuwa Shimoni, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, akifanya utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Itakumbukwa kwamba mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda kupita kiasi, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Tangu hapo kuna watu ambao kazi yao ni kuhesabu yanayoota upya na yanayokufa tena. Hesabu hiyo haifanyiki ukiwa juu ya mashua. Mtafiti hutandika kamba yenye vipimo chini ya bahari, akaifuata polepole akiandika kila kilichoko chini yake, na ili aweze kufanya hivyo hana budi kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni.

Mama yake hakulijua hilo. Alichokijua ni kwamba mwanawe anasoma habari za samaki.

Sababu ya kumficha ilikuwa ya zamani. Kijana huyu alikuwa na kaka yake aliyefariki akiwa na umri wa miaka 12 katika bwawa la shamba moja kubwa la chai, alikokwenda kuogelea na wenzake siku ya Jumamosi. Watu walikusanyika ukingoni. Walileta kamba, walileta miti mirefu ya mikaratusi, wakapapasa matope mpaka giza likaingia. Hakuna aliyejua kwenda chini. Siku ya tatu maji yenyewe yalimrudisha. Tangu siku hiyo mama alipiga marufuku maji yote yanayozidi magoti, na marufuku hiyo haikuwahi kuondolewa. Mwezi Septemba mwaka 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni likiwa na mama na bintiye, Wakenya walifuatilia taarifa za wazamiaji siku baada ya siku, hadi tarehe 11 Oktoba gari lilipotolewa katika kina cha karibu mita 60. Nyumbani Kapsoit, kila taarifa hiyo ilipoanza, mama aliinuka akaizima runinga.

Hapa msomaji wa Kiswahili atavumilia jambo dogo la lugha, maana baadaye litakuwa na uzito wake. Kuzama na kuzamia ni vitenzi vya shina moja, lakini kiambishi kile cha kutendea kimeweka bahari nzima kati yao. Kinachozama huenda chini kwa kuwa hakina budi. Anayezamia huenda chini kwa ajili ya kitu, lulu, nanga iliyokwama au kamba ya utafiti, na inatarajiwa kwamba atarudi. (Mzamiaji pia ni yule asafiriye melini bila tiketi, naye vilevile hutarajia kufika.) Mama wa Kapsoit aliyajua maneno haya kupitia redio tu. Kwake yeye, aliyezama ni maiti, na mzamiaji ni mtu anayekwenda kuichukua.

Siku ya kwanza ya mafunzo baharini, kijana alijifunga kilo 12 za risasi kiunoni. Hakuambiwa na mtu. Mwalimu wake, mzee wa Shimoni aliyeanza kuzamia kabla kijana huyu hajazaliwa, alikuwa nyuma ya mashua akishughulika na nanga, na vipande vya risasi vilikuwa ndani ya ndoo, kila mmoja ajichukulie. Kijana aliogopa kwamba atashindwa kushuka, na aibu ya kuelea kama kibuyu mbele ya wenzake wa pwani ilimtia hofu kuliko bahari yenyewe. Zaidi ya hayo, akili yake ya Kapsoit ilimwambia kwamba penye kilo pana usalama. Akaongeza vipande viwili vya mwisho kama mchumaji anavyoshindilia gunia.

Alishuka kama nanga. Alipofika mita 14 alikuwa amepiga magoti kwenye mchanga, mawingu ya vumbi yakimzunguka, na ili ainuke ikambidi aijaze hewa koti lake la kuelea. Alibonyeza kitufe mara moja, mara mbili, hakuinuka; akakishikilia. Mara akaanza kupanda. Kanuni ya jambo hili ni nyepesi, ingawa hakuna anayeikumbuka wakati huo: kila mita 10 za maji ya bahari huongeza mgandamizo sawa na ule wa anga yote iliyo juu yetu, na mgandamizo unapopungua hewa hutanuka. Hewa ya lita 6 katika kina cha mita 14 hutaka kuwa zaidi ya lita 14 ifikapo juu. Kwa hiyo kadiri alivyopanda ndivyo koti lilivyovimba, na kadiri lilivyovimba ndivyo alivyozidi kupanda kwa kasi. Aliibuka juu ya maji mpaka kifuani kama pomboo. Kilichomwokoa ni kwamba njia nzima alikuwa akipiga kelele. Anayepanda namna hiyo huku ameziba pumzi huweza kupasuka mapafu; anayepiga mayowe huitoa hewa bila kujua.

Mwalimu alimvuta ndani ya mashua, akamkalisha, akamtazama macho na midomo kwa muda mrefu. Kisha akaufungua mkanda, akaupima kwa mkono.

"Mwanangu," alisema, "hizi umezichukua za nini?"

"Ili nisielee, mzee."

"Nani kakwambia kuelea ni dhambi?"

Jioni ile mzee alimketisha kwenye ngazi za gati akamfundisha hesabu ambayo, kwa maoni ya wengi waliowahi kuifanya, ndiyo nusu ya uzamiaji wote. Mvuvi anayefunga chubwi kwenye mshipi hafungi jiwe la kujengea. Hufunga kiasi cha kuufikisha mshipi chini huku akiendelea kuhisi samaki anavyogusa chambo. Mzamiaji naye hana haja ya uzito wa kumzamisha. Anahitaji uzito wa kuviondoa vile vinavyomwelesha, basi, na vinavyomwelesha vinahesabika. Kuna vazi la mpira lililojaa viputo vidogo vya gesi, ambalo hata likiwa na unene wa milimita 3 tu humwelesha kwa kilo moja hadi mbili. Kuna mapafu, ambayo kila lita moja ya pumzi ni kama kilo moja ya kuelea. Kuna chumvi: lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, nayo humbeba mtu kuliko maji ya mtoni.

Kisha kuna mtungi, na hapo ndipo wanafunzi wengi hupotea. Hewa ina uzito. Mtungi wa lita 11 uliojazwa hadi bar 200 una hewa ya lita 2,200 hivi, na hewa hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo mbili na nusu. Mzamiaji huipumua, huitoa, viputo hupanda juu. Akifika bar 50, ambayo ni akiba ya kurudia, amekwisha kupungukiwa na kilo 2 hivi. Na mtungi wenyewe ukiwa wa alumini, uliozama vizuri mwanzoni huanza kutaka kuelea mwishoni. Kwa hiyo anayejipima akiwa na mtungi uliojaa, akaridhika, atajikuta mwishoni mwa safari hawezi kutulia katika kina cha mita 5, mahali ambapo anatakiwa asimame dakika 3 ili mwili utoe polepole naitrojeni iliyoyeyuka ndani yake. Atapanda asitake.

"Hupimi uzito wa kushukia," mzee alimwambia. "Kushuka kila mtu hushuka. Pima uzito wa kurudi nao."

Upimaji wenyewe ni kazi ya dakika chache. Mzamiaji husimama wima majini, koti limetolewa hewa yote, mtungi umebaki na bar 50, pumzi ya kawaida kifuani. Maji yakimfika usawa wa macho, na akitoa pumzi akazama taratibu, uzito ni sawa. Yakiishia kidevuni, aongeze kidogo. Akienda chini na pumzi yake, apunguze. Wapo wanaosema uchukue sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili wako, jambo linaloweza kumsaidia mwenye haraka, lakini halijui vazi lako, wala mtungi wako, wala kama una mifupa mizito au nyama laini. Kijana alijipima mara tatu kwa vipande vya kiwandani vya mwalimu wake. Mara zote tatu jibu lilikuwa kilo 6. Nusu nzima ya alizojifunga siku ya kwanza ilikuwa hofu.

Yafaa ikumbukwe hapa kwamba wako watu wa pwani hizi waliozamia bila kuulizwa uzito wao. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, Waafrika wengi wa Mashariki waliouzwa utumwani katika nchi za Ghuba walitumikishwa katika uzamiaji wa lulu. Mzamiaji alishushwa kwa jiwe lililofungwa kamba, mguu wake ukiwa juu yake. Akifika chini aliliacha, likavutwa juu, naye akaokota chaza hadi pumzi ilipomwishia, akatikisa kamba ili avutwe. Jiwe lilikuwa la chombo, kamba ilikuwa mikononi mwa mwingine, na lulu ilikuwa ya tajiri. Mzee wa Shimoni hakupenda kulizungumzia jambo hili kwa kirefu. Alisema tu kwamba kila anapoifunga bakoli ya mkanda wake huhakikisha mkono wake mwenyewe wa kulia unaweza kuifungua.

Miezi ikapita. Kijana aliimudu kazi. Akawa analala juu ya kamba ya vipimo kama kipepeo asiyegusa ua. Ndipo alipofanya alichokiona kuwa ni hatua ya ukomavu: akanunua mkanda wake mwenyewe, uliotumika, wenye vipande sita vilivyoyeyushwa na kumiminwa na fundi wa mtaani kutokana na betri kuukuu za magari. Kila kimoja kilikuwa kimechorwa tarakimu 1 kwa msumari.

Kuanzia wiki ile mambo yaliharibika. Magoti yalirudi kugusa matumbawe. Mwili ulimwinamia upande wa kushoto, akawa kila mara anapiga teke la kujisawazisha na kutimua mchanga. Hata mwisho wa safari, katika mita 5, ilimlazimu kubakiza hewa ndani ya koti, jambo ambalo kwa mujibu wa hesabu zake halikupaswa kuwapo. Msimamizi wake alimwambia waziwazi kwamba mtafiti anayevunja anachokihesabu hana budi kutafuta mada nyingine, na akampa hadi Januari. Kijana alijipekua moyoni. Kilo zilikuwa ni zilezile sita. Kilichobadilika, basi, lazima kilikuwa yeye. Akaamini kwamba ile hofu ya bwawani imemrudia, kwamba mtoto wa aliyekufa maji hubaki mtoto wa aliyekufa maji. Usiku alianza kumwota kaka yake.

Desemba alikwenda nyumbani akiwa na mkanda ndani ya mkoba, kwa nia ya kumwambia mama ukweli na, pengine, kumwambia pia kwamba ameacha. Katika basi kondakta aliuinua mkoba akashtuka.

"Kaka, umebeba nini humu?"

"Risasi," kijana akajibu bila kufikiri.

Abiria watatu wa viti vya nyuma waliteremka kabla hajamaliza kueleza. Ni jambo la kusikitisha kwamba lugha yetu tamu imeipa madini ile na kitu kile cha kutoka mtutuni jina moja. Kijana alilazimika kuufungua mkoba kando ya barabara na kumwonyesha kila mtu.

Nyumbani aliusubiri usiku, baada ya chai. Akauweka mkanda mezani, akaeleza. Mama aliutazama bila kuugusa.

"Huu unafungwa kiunoni?"

"Ndiyo, mama."

"Ili mtu azame."

"Ili azamie, mama. Anarudi."

Mama alinyamaza kiasi cha kijana kusikia mvua ikianza juu ya mabati. Akataka kuonyeshwa unavyofunguliwa. Kijana akaufunga, akaifungua bakoli kwa mkono mmoja, mkanda ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Mama akasema arudie. Akarudia. Akasema afumbe macho arudie. Baada ya mara ya tano au sita akauliza ni kilo ngapi, na kwa nini ngapi hizo, na hapo kijana akajikuta akimweleza yote, chumvi, vazi, pumzi, mtungi unaopungua, bar 50, kama alivyoelezwa pale kwenye ngazi za gati. Mama alielewa upesi kuliko wanafunzi wengi. Kutoa uzito wa chombo ili kuupata uzito wa kweli ni kazi aliyoifanya maisha yake yote.

"Na kwenye maji ya bwawa?" akauliza.

Kijana alikuwa na jibu. Alikuwa amelitafuta usiku mmoja huko Shimoni bila kumwambia mtu. Mwili wake na vifaa vyake vyote ni kilo 96 hivi. Kwa kuwa maji yasiyo na chumvi hubeba kidogo zaidi ya sehemu 2 kwa mia pungufu, angetoa kilo 2.3. "Kilo 3.7," alisema. Akaongeza kwamba katika nchi ya juu kama yao hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata jedwali la kupandia lingebadilika, ingawa bwawa lile halikuwa na kina cha kulihitaji.

"Tatu na saba," mama alirudia. Akainuka, akaenda kulala.

Alasiri ya siku ya pili mama alibeba gunia lake la chai, na juu yake akauweka ule mkanda. Kituoni mizani ya mshale ilikuwa imekwisha kuondolewa, ikaja ya umeme yenye tarakimu, ambayo mama hakuwa ameisamehe bado. Chai ilipokwisha kupimwa, akautundika mkanda.

"Mama, hii ni chai ya daraja gani?" karani akauliza, foleni ikacheka.

"Pima."

Tarakimu zikatulia: 7.4. Mama akamgeukia mwanawe, usoni ana ile sura ambayo makarani watatu waliomtangulia huyu waliifahamu vyema.

"Ulisema sita."

"Zimeandikwa, mama. Kila kimoja kilo moja."

"Zimeandikwa na nani? Wewe ulizipima?"

Hakuwa amezipima. Mwana wa mwanamke yule, aliyelelewa chini ya mizani ile, alikuwa amevaa kiunoni kwa miezi miwili uzito wa kuambiwa. Mama akavitoa vipande kwenye mkanda, akavipima kimoja kimoja, karani akiandika nyuma ya kitabu chake kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumkataza: 1.3, 1.4, 1.3 vilivyokuwa upande wa kushoto, 1.1, 1.2, 1.1 vya kulia. Kilo 4 huku, 3.4 kule. Kijana alikaa juu ya gunia tupu. Kule kuinama kushoto, yale magoti, ile hewa isiyoelezeka katika mita 5, vyote vilikuwa pale nyuma ya kitabu cha karani.

Watu wa foleni walikuwa wamekwisha kulichukua jambo hili kuwa lao. Mmoja alipendekeza vipande vikatwe kwa msumeno. Mama alikitenga kile cha 1.4, akavipanga vingine juu ya meza: 1.3 na 1.1 kushoto, 1.3 na 1.1 kulia, 1.2 mgongoni katikati. Akavitundika vyote pamoja. Mizani ikasema 6.0.

Kile cha 1.4 hakikurudi pwani. Hadi leo kinauzuia mlango wa mbele usibamizwe na upepo wa jioni. Mwezi Januari kijana alipiga simu kutoka Shimoni, nywele bado zinadondoka maji, akianza kueleza kwamba ameifuata kamba yote bila kugusa tumbawe hata moja. Mama alimkatiza.

"Umerudi na ngapi?"

Ilimchukua kijana muda kidogo kuelewa kinachoulizwa.

"Sitini, mama."

"Sawa," alisema mama, akaanza kumweleza habari za ng'ombe aliyezaa.